Hoja ya "Aache Kwanza" na Madhara Yake

Ipo kauli iliyoenea katika miji yetu ya pwani, kuanzia Malindi na Mombasa hadi Unguja na Dar es Salaam, ikirudiwa na watu wa kila tabaka mpaka imekuwa kama kanuni isiyohitaji ithibati: kwamba mwanamke anayetumia unga, yaani heroini, au anayeshinda mangweni akinywa mnazi, akija kushitaki kuwa anapigwa na mumewe au hawara yake, jawabu la haki ni kumwambia aache kwanza ulevi, kisha ndipo mashitaka yake yasikilizwe. Utaisikia kauli hii kwa sheha, kwa askari wa zamu, kwa mama mzazi aliyechoka, kwa wazee walioketi barazani baada ya sala ya alasiri, na, jambo la kusikitisha zaidi, utaisikia hata kwa baadhi ya wale waliojitolea kuwahudumia waraibu. Muradi wa makala haya ni kuipinga kauli hiyo tangu shina hadi matawi, na kuthibitisha kwamba ulevi na kipigo, kwa mwanamke aliyefikwa na yote mawili, ni kadhia moja isiyogawanyika, na kwamba pa kuanzia kuitatua ni baraza la wanawake wenyewe, ambamo mambo hayo huzungumzwa pamoja, bila ya kumwekea yeyote sharti la kujitakasa kabla hajavuka kizingiti.

Insafu yatutaka tuieleze hoja hii kwa nguvu zake zote kabla ya kuijibu. Wanaoishika husema hivi: mlevi hana akili timamu, na asiye na akili timamu hawezi kupokea nasaha, wala kutunza siri, wala kutoa ushahidi wa kuaminika; tena ghadhabu ya mume, ijapokuwa haisifiwi, imezaliwa na fedheha anayoletewa na mke mlevi, basi sababu ikiondoka na matokeo yake yataondoka; na mwisho, kuwakusanya wanawake wa namna hiyo chumbani na kuwaachia wazungumze ni kuwapa fursa ya kufundishana maovu, kwani samaki mmoja akioza wote huoza. Hoja hizi zina sura ya busara, na wengi wanaozitoa hawana ubaya moyoni. Walakini hoja haipimwi kwa wema wa msemaji, bali kwa ukweli wake na kwa yale inayoyazaa, na kwa mizani zote mbili hii ni pungufu.

Tuanze na dai la kwamba kipigo huzaliwa na unga. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2005 ulionesha kwamba, miongoni mwa wanawake waliopata kuwa na mume au mwenzi, asilimia 41 katika Dar es Salaam na asilimia 56 katika mkoa wa Mbeya walikuwa wamefanyiwa na wenzi hao ukatili wa mwili au wa kingono. Je, wote hao ni mateja? Hasha, walio wengi kabisa miongoni mwao hawajapata kuiona kete ya unga kwa macho yao. Mume aliyezoea kupiga hakosi sababu: leo chumvi imezidi katika mchuzi, kesho mke amechelewa kurudi sokoni, keshokutwa simu imelia usiku. Kwa mtu wa namna hii unga ni kisingizio kimoja katika visingizio vingi, na siku kitakapoondolewa ataokota kingine palepale kilipodondoka. Anayesema kuwa mke akiacha kutumia mume ataacha kupiga, amempa mume ahadi ambayo mume mwenyewe hakupata kuitoa.

Kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza, nalo ni kudhani kwamba unga uko upande mmoja na mpigaji yuko upande wa pili, ilhali aghalabu mkono unaopiga ndio huo huo unaotoa kete. Mwanamke wa kwetu ni nadra kufika maskani ya watumiaji peke yake. Huonjeshwa na mtu anayempenda na kumwamini, katika sigara iliyochanganywa na bangi, akaambiwa kuwa ni ya kuondoa mawazo. Na utumwa ukishakomaa, huyo mpenzi ndiye amjuaye muuzaji, ndiye anunuaye, ndiye agawaye, na wakifikia kwenye sindano ndiye amchomaye, kwa kuwa mwanamke hakujifunza kujitafutia mshipa. Fedha za kununulia, hata zikiwa zimetafutwa na mwanamke kwa namna ambayo hathubutu kumsimulia mama yake, hupita mikononi mwa mwanamume. Kisha inapofika saa ya arosto, mifupa ikiuma kama inayovunjwa, pua ikichuruzika, tumbo likikataa hata maji, na usingizi ukiwa haupatikani kwa hila yoyote, mwanamke huyo atarudi kwa yeyote mwenye kete, ijapokuwa ni yule aliyemvunja jino jana. Kumwambia aache kwanza, na hali analala nyumba moja na mtu huyu, ni sawa na kumwamuru baharia afue maji ngamani mpaka pakauke ndipo aruhusiwe kutafuta tundu lilipo.

Nimepata kukaa pembeni katika baraza la wanawake wa aina hii, kwa idhini yao, katika chumba cha nyuma chenye mkeka na birika la chai ya tangawizi, watoto wawili wamelala wameegemezwa ukutani. Msemaji mmoja alikuwa amewasikiliza wenzake wakibishana kama kuacha unga kutawaletea amani majumbani, naye akasema: "Mashoga zangu, mie niliacha. Mfungo mzima sikugusa. Mnajua alinipiga kwa nini? Kwa kuwa nimeacha. Akaniambia, weye sasa umekuwa mtakatifu, mie nani atanitafutia?" Hakuna aliyeshangaa mle chumbani. Lililokuwa kwangu mimi ni ufunuo, kwao lilikuwa habari ya kila mtaa. Mwanamke anayeacha unga humwondolea mwanamume pato lake, mshirika wake na utawala wake kwa mpigo mmoja, na kwa hiyo majuma ya kuacha ndiyo majuma ya hatari iliyo kubwa kabisa. Na sisi, kwa hiyo kauli yetu ya "aache kwanza", tumemwachia ayapite majuma hayo peke yake, tukimngojea ng'ambo ya pili na pongezi zetu.

Wapo watakaojibu kuwa siku hizi tiba ipo, na kwamba mwenye nia hana udhuru. Ni kweli tiba ipo, na walioileta wanastahili shukrani. Kliniki ya methadoni ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2011, Malindi ikapata yake mwaka 2015, na Unguja nayo ikaanzisha huduma hiyo Kidongo Chekundu. Na wapo watu wengi waliorudi kazini na kwa watoto wao kwa sababu ya dawa hiyo. Lakini tutazame jinsi inavyotolewa. Kwa kawaida hunywewa mbele ya mhudumu, kila siku, mahali pamoja, katika saa zinazojulikana. Utaratibu huo una hekima yake ya kitabibu, ila kwa mwanamke anayewindwa na mwanamume una maana nyingine: mwindaji anaijua njia, anaijua saa, na hana haja ya kumtafuta. Si ajabu, basi, kwamba wanawake wamekuwa wachache mno katika kliniki hizi wakilinganishwa na wanaume. Katika baraza lile lile mwanamke mwingine alieleza kuwa mumewe ameichana kadi yake ya kliniki, na kwamba ameona haya kuomba nyingine. Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa kimya muda wote, alimwambia: "Mwanangu, hiyo kadi mpya isitoke tena hospitali. Mwachie nesi pale dirishani. Jina lako limo daftarini." Ilikuwa nasaha ya maneno machache, na hakuna daktari wala hakimu aliyekuwa ameifikiria, kwa sababu hakuna daktari wala hakimu aliyepata kuchaniwa kadi.

Hapa ndipo inapodhihiri kwa nini baraza liwe la wanawake, na kwa nini mabaraza ya mchanganyiko hayatoshi. Utaratibu mashuhuri wa waraibu kukutana na kusaidiana ulianza Akron, Marekani, mwaka 1935, kwa ajili ya walevi wa pombe, nao ulijengwa na wanaume juu ya hatua 12 ambazo ya kwanza yake ni kukiri kwamba mtu hana nguvu mbele ya kilevi. Nyumba za upataji nafuu za Unguja na Pwani zimefuata njia hiyo, na imewafaa wengi. Lakini mwaka 1975 Jean Kirkpatrick, msomi wa elimu ya jamii aliyekuwa mwenyewe mlevi kwa miaka mingi, alianzisha huko huko Marekani mabaraza ya wanawake watupu, akitoa hoja kwamba unyenyekevu ni dawa ya mtu aliyejikweza, ilhali mwanamke mlevi aghalabu ameshadhalilishwa kupita kiasi, na anachohitaji ni kurudishiwa thamani yake. Hoja hii ina uzito zaidi kwa anayepigwa. Kumtaka mtu ambaye kila usiku huambiwa kwa ngumi kuwa si kitu, asimame mbele ya wanaume, pengine marafiki wa huyo huyo anayempiga, akiri kwamba hana nguvu, ni kumkaririsha somo ambalo mpigaji amekwisha kumfundisha.

Na kama ni ithibati ya kitaalamu inayotakiwa, ipo. Mwaka 2002 Lisa Najavits, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha mwongozo wa mada 25 wa kuwahudumia kwa wakati mmoja watu wenye uraibu na majeraha ya nafsi yatokanayo na ukatili, na msingi wake ni kwamba la kwanza kutafutwa ni usalama, mengine yote yafuate. Kabla ya hapo, mwaka 1998, serikali ya nchi hiyo ilikuwa imeanzisha uchunguzi uliofanywa mahali 9 na kuwahusisha wanawake zaidi ya 2,700 waliokuwa na uraibu, maradhi ya akili na historia ya kudhulumiwa. Tofauti iliyoonekana haikuwa kubwa ya kustaajabisha, na si haki kuikuza. Lakini ilielekea upande mmoja, kwamba pale wanawake walipozungumziwa mambo hayo yote kwa pamoja, nafuu ilizidi kuliko pale yalipotenganishwa. Hiyo ni kinyume kabisa cha "aache kwanza".

Wala asiseme mtu kuwa jambo hili ni la kigeni. Wanawake wa Uswahilini hawakungoja mwalimu kutoka ng'ambo ili wajue kukutana faraghani na kuelezana mazito. Somo alimkalisha mwari na kumfunza yasiyosemwa hadharani. Vyama vya ngoma ya lelemama vya Mombasa vilikuwa na viongozi wake, hazina yake, na wajibu wa kusaidiana katika harusi na matanga. Upatu umezungushwa kwa kuaminiana tu tangu zama za mabibi zetu. Na kuhusu kuunganisha kileo na ukatili katika kadhia moja, Siti binti Saad aliyafanya hayo katika wimbo wake wa Kijiti, unaosimulia mwanamke mgeni aliyetolewa kwenda ngomani penye ulevi, akarudishwa maiti. Mwuaji alikimbia, na waliofungwa ni wanawake waliokuwa mashahidi. Kisa hicho ni cha zama za mkoloni, lakini hofu yake ingali hai. Mwanamke wa leo mwenye jicho lililovimba anaijua fomu ya PF3, ambayo majeruhi huipeleka hospitali, na anajua kuwa hutolewa na polisi, lakini anajua pia kwamba akipekuliwa kituoni atakutwa na kete upindoni mwa kanga, na kwamba aliyekwenda kama mshitaki huenda akalala ndani kama mshitakiwa. Basi hujitibu nyumbani kwa maji ya chumvi, na mpigaji hupata ushahidi mwingine kwamba hakuna atakayemwuliza.

Tuje kwenye hofu ya kuharibiana. Wanaoogopa kwamba wanawake hawa wakikutana watafundishana maovu wanasahau kuwa wameshakutana siku nyingi, maskani, bila ya ruhusa ya mtu. Mwaka 2005 watafiti waliofanya kazi Dar es Salaam, miongoni mwao wataalamu wa Muhimbili, waliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kwamba wanawake waliokuwa wakijidunga unga walikuwa wakiwapa wenzao wasio na fedha damu yao wenyewe, iliyovutwa sindanoni mara baada ya kujidunga, wakiamini kuwa itawaondolea arosto. Ni jambo la kutisha, na ni njia iliyonyooka ya kuambukizana Ukimwi na homa ya ini. Lakini ndani ya jambo hilo limo lingine ambalo hatuna haki ya kulifumbia macho: kwamba wanawake ambao jamii imewatupa walioneana huruma kiasi cha kupeana damu. Huruma hiyo ipo. Inaua kwa kuwa haikuongozwa. Kazi ya baraza ni kuichukua huruma hiyo hiyo na kuipa njia isiyoua.

Na uongozi wake una adabu zinazojulikana. Wajumbe wawe wachache, wanane au kumi, ili kila mmoja apate zamu ya kusema. Siku na saa zisibadilike, na ni vyema zifuatane na saa ya dawa, ili safari iwe moja na udhuru uwe mmoja. Msimamizi awe mwanamke aliyefunzwa, na akiwa naye amepitia hayo na kuyavuka ni bora zaidi. Yanayosemwa ni amana, hayatoki. Asielezee mtu namna alivyotumia wala utamu alioupata, kwa kuwa maelezo hayo huamsha hamu za wenzake. Aeleze lililompeleka na lililomrudisha. Mume asiitwe kamwe barazani kwa ajili ya suluhu, kwa kuwa mke aliyesema kweli mbele yake saa nne ataulizwa saa sita. Aliyekuja amelewa asifukuzwe maadamu hafanyi fujo. Aketi, anywe chai, asikilize, kwa maana siku aliyolewa ndiyo siku aliyohitaji kuja. Na kila mmoja asaidiwe kupanga mapema: nani jirani atakayefungua mlango usiku, wapi vitawekwa kitambulisho na cheti cha mtoto cha kuzaliwa, neno gani mtoto mkubwa akilisikia ajue kukimbia kwenda kwa bibi yake. Mambo haya hayahitaji akili isiyoguswa na kilevi. Yanahitaji kufunzwa kwa utulivu na kurudiwa.

Imebaki hoja ya dini, ambayo huletwa mwisho kama kufuli. Husemwa kwamba ulevi ni haramu, na kuwa kumhifadhi mlevi kabla hajatubu ni kumsaidia katika haramu yake. Tuijibu kwa mizani ya dini yenyewe. Wanavyuoni walioyataja makusudio matano ya sharia, na Imamu Ghazali miongoni mwao, waliyapanga hivi: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Kilevi kimeharimishwa kwa ajili ya kuhifadhi akili. Lakini nafsi imetajwa kabla ya akili. Basi anayemnyima mwanamke himaya ya nafsi yake mpaka kwanza aitengeneze akili yake ameupindua mpango aliodai kuufuata. Kadhalika aya ya 35 ya Suratun-Nisaa, inayosomwa mara nyingi ili kumrudisha mke kwa mumewe, inataka mwamuzi kutoka kwa jamaa za mume na mwamuzi kutoka kwa jamaa za mke. Na mwanamke huyu, ambaye jamaa zake wamemkana kwa sababu ya unga, hurudishwa bila ya mwamuzi wake. Sheria za nchi nazo ziko wazi: Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara, ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, hairuhusu mwanandoa kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, na Kenya ilitunga sheria ya kinga dhidi ya ukatili wa majumbani mwaka 2015. Hakuna kati ya hizo iliyoandika kwamba kinga hiyo ni ya wasiolewa tu.

Sisemi kuwa baraza ni dawa ya kila kitu. Haliondoi arosto, hiyo ni kazi ya methadoni na madaktari. Halimzuii mwanamume mwenye panga. Hiyo ni kazi ya polisi na mahakama. Halilishi watoto. Lakini ndilo linalomfikisha mwanamke kwenye hayo yote, kwa kuwa ndilo mahali pekee asipotakiwa kukana nusu ya msiba wake ili nusu ya pili isikilizwe. Penye baraza, dawa huendelea kunywewa, kwa kuwa asiyeonekana leo huulizwa na wenzake kesho. Penye baraza, fomu hujazwa, kwa kuwa kuna wa kumsindikiza.

Kwa hiyo ninayoyataka si mambo ya anasa. Kila kliniki ya methadoni iwe na chumba na siku ya wanawake, pamoja na mtu wa kuwashika watoto. Kila nyumba inayowahifadhi wanawake wanaopigwa ifute sharti la kumkataa anayetumia, na kila nyumba ya waraibu imwulize mwanamke anayeingia kama ana usalama alikotoka. Kila dawati la jinsia la polisi lipewe agizo kwamba aliyekuja kushitaki kipigo ahudumiwe kwa kipigo. Masheha, maimamu na mapadri wamwondolee mwanamke huyu kauli ya "aache kwanza" katika ndimi zao, na badala ya kumwuliza ametumia lini, wamwulize usiku huu atalala wapi. Na atakayesema kuwa huku ni kulea maovu, ana wajibu wa kutuonesha ni wema gani umekwisha kupatikana kwa kuwafungia mlango. Kwa maana njia hiyo tumeijaribu kwa miongo mingi, na matunda yake tumeyazika.